Vifuniko vya chupa na punje za mahindi: namna ya kumwanzisha mtoto masomo ya kemia

Mtoto wa dada yangu ameingia mwaka wa kwanza wa umanite (sekondari ya juu), shimi-biolojia, na kwa wiki tatu kaye (daftari) yake ya shimi, yaani kemia, ilikuwa wino mwekundu mtupu. Dada akamleta kwangu Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, siku ya Jumamosi: "Si wewe ndiye mtu wa labo (maabara)?" Ni kweli, mkate wangu natolea labo, napima shaba iliyomo ndani ya mawe. Lakini kupima shaba si kufundisha. Siku ya kwanza nilieleza mpaka mtoto akasinzia juu ya meza. Ninayoandika hapa ni ya siku ya pili na zilizofuata.

Hatua ya 1: Vifaa

Penseli na kifutio. Kalamu ya biki hapana, maana mtafuta sana. Gao la punje za mahindi, gao la maharage mekundu, konzi moja ya njugu, na vifuniko vya chupa za soda kama ishirini. Vifuniko nendeni mkaombe kwenye baa ya jirani asubuhi wanapofagia, vioshwe, vikauke.

Simu wekeni mbali. Ziko programu ambazo ukiandika swali jibu linatoka hapo hapo, na ndiyo sababu sizitaki: jibu linafika kabla mtoto hajahesabu chochote.

Hatua ya 2: Majina

Huku kwetu kila kitu kina majina matatu. Nyumbani tunasema shaba, darasani ni *cuivre*, ubaoni inaandikwa Cu kwa sababu Kilatini ni *cuprum*. Chuma ni Fe, risasi ni Pb, zebaki ni Hg. Mwambie mtoto mapema kwamba alama hazitoki kwenye Kifaransa cha mwalimu, atapona nusu ya hasira.

Tatu ndizo zinawaangusha wengi. Sodiamu inaandikwa Na, kutoka *natrium*. Potasiamu inaandikwa K, kutoka *kalium*, neno lililotokana na Kiarabu, na maana yake ni majivu. Hapo nilimkumbusha yale majivu bibi anayochuja maji yake kwa kupikia mboga: potasiamu imo humo. Ya tatu ni *azote*, ambayo alama yake ni N. Jina *azote* waliliunda Lavoisier, mwanakemia Mfaransa, na wenzake kwa maneno ya Kigiriki, maana yake "bila uhai", kwa kuwa mnyama akifungiwa ndani ya hewa hiyo peke yake anakufa. N yenyewe inatoka kwenye jina lake lingine, nitrojeni.

Akariri elementi ishirini za mwanzo (elementi ni vitu vya msingi ambavyo vingine vyote vimeundwa kwavyo), aongeze chuma, shaba, zinki, fedha na risasi. Basi. Leo zinajulikana 118, lakini Mendeleev mwenyewe, Mrusi aliyeunda jedwali la elementi, mwaka 1869 alipanga 63 tu na akaacha nafasi wazi kwa zile alizoamini zitapatikana.

Hatua ya 3: Atomi na molekuli

Atomi ni chembe ndogo kabisa ya elementi, molekuli ni atomi zilizoshikana. Punje moja ni atomi moja. Kifuniko chenye punje ndani ni molekuli moja. Tuendelee.

Hatua ya 4: Valensi

Valensi ni idadi ya mikono ambayo atomi inashikia nyingine. Hesabu mikono. Haidrojeni ina mkono mmoja, oksijeni miwili, nitrojeni mitatu, kaboni minne. Sodiamu na klorini mmoja mmoja, kalsiamu miwili, alumini mitatu. Mkono usibaki hewani, kila mmoja ushikwe. Alumini ina mitatu na oksijeni ina miwili, kwa hiyo zinahitajika alumini mbili na oksijeni tatu: Al₂O₃.

Shaba inabadilika, wakati mwingine mkono mmoja, wakati mwingine miwili. Cu₂O ni nyekundu, CuO ni nyeusi. Chuma nacho kinacheza kati ya miwili na mitatu. Kwa sasa swali lenyewe litamwambia ni ipi. Kwa nini zinabadilika atafundishwa baadaye.

Hatua ya 5: Kusawazisha mlinganyo

Hapa kaeni. Sisi tulikaa Jumamosi mbili.

Sheria ni ya Lavoisier, ya tangu karne ya 18: katika badiliko la kikemia hakuna kinachopotea. Punje zilizoingia upande wa kushoto ndizo zitoke upande wa kulia, zote. Mtoto anakubali haraka. Halafu unamwandikia:

H₂ + O₂ → H₂O

Anaona oksijeni mbili kushoto, moja kulia. Anafanya nini? Anachukua penseli, anaongeza 2 ndogo chini ya O: H₂O₂. Imelingana! Anakutazama anangoja sifa.

Usimkaripie. Muulize H₂O₂ ni nini. Ni ile dawa ya famasia inayotoa povu ukiimwaga kwenye kidonda. Umemwomba maji ya kunywa, amekuletea dawa ya kidonda. Mtoto wa dada yangu alicheka, halafu akanyamaza, halafu akasema: "Kumbe, mama mdogo, namba ndogo haiguswi." Haiguswi kabisa. Namba ndogo ni mali ya kitu chenyewe, inasema kitu hicho ni nini. Namba kubwa ya mbele ndiyo yako wewe mhesabuji, inasema vimekuja vingapi.

Sasa vifuniko. Mahindi ni haidrojeni, maharage ni oksijeni. Kifuniko cha H₂ kina mahindi mawili, cha O₂ kina maharage mawili, cha maji kina mahindi mawili na harage moja. Pigeni mstari wa chaki katikati ya meza. Kanuni ya mchezo: unaruhusiwa kuongeza kifuniko kizima, upande wowote. Kutia au kutoa punje ndani ya kifuniko ni marufuku. Harage la pili limekosa mahali? Ongeza kifuniko kizima cha maji kulia. Sasa mahindi ya kushoto yamepungua, ongeza kifuniko cha H₂ kushoto. Hesabu vifuniko, uandike:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Mpe na ya makala (mkaa), kwa kuwa makala anayaona kila siku. Hapo njugu ndizo kaboni. Hewa ikitosha: C + O₂ → CO₂. Hewa isipotosha: 2C + O₂ → 2CO. Hiyo ya pili ndiyo inayoua watu waliolala na mbabula (jiko la makala) ndani ya chumba kilichofungwa. Haina harufu. Nilimwonyesha tofauti mezani: harage moja tu kwa kila kifuniko.

Sasa tahadhari, maana mambo yanaharibikia humu.

Oksijeni, haidrojeni, nitrojeni na klorini zikiwa peke yake zinatembea mbili mbili. Akiandika O tupu, kila kitu kitapinda.

Kwenye gesi ya kupikia na vitu kama hivyo, anza na kaboni, kisha haidrojeni, oksijeni iwe ya mwisho. Ukianza na oksijeni utazunguka mpaka jioni. Butani, C₄H₁₀, itakupa oksijeni 6 na nusu. Usiogope hiyo nusu: zidisha vyote kwa mbili, upate 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O. Vifuniko havitoshi hapo, na ni vizuri. Ndipo mtoto anahamia kwenye penseli bila kulazimishwa.

Namba iliyo nje ya mabano inazidisha vyote vya ndani. Ca(OH)₂ ina oksijeni mbili na haidrojeni mbili.

Na hii iliyonila mimi. Nikiwa na umri wa huyu mtoto tulipewa malakiti, lile jiwe la kijani wanalolichonga hapa Lubumbashi kuwa shanga na visahani vya majivu ya sigara. Ukilichoma linakuwa jeusi, na unga huo mweusi ni CuO. Ubaoni mwalimu aliandika Cu₂CO₃(OH)₂. Mimi nilinakili CuCO₃(OH)₂. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, nikakaa na mshumaa toka kumaliza bukari (ugali) mpaka majogoo. Kushoto oksijeni tano, kulia nne. Nikiweka mbili mbele, kumi kwa nane. Nikiweka tatu, kumi na tano kwa kumi na mbili. Nililia. Asubuhi mwalimu alitazama kaye yangu, akatia 2 ndogo chini ya Cu, akaenda zake.

Cu₂CO₃(OH)₂ → 2CuO + CO₂ + H₂O

Kwa hiyo: mlinganyo ukigoma robo saa, acha kuhesabu, rudi ukakague namba ndogo moja moja dhidi ya ubao au kitabu. Nasema tena, robo saa. Na usiamini kwamba kilicholingana ni cha kweli. H₂O₂ ya hapo juu ililingana vizuri tu.

Hatua ya 6: Asidi na besi

Koroga manjano ya mchuzi ndani ya maji kidogo, pakaa kwenye karatasi nyeupe, ikauke. Dondoshea maji ya sabuni ya kipande: inageuka nyekundu ya kahawia. Dondoshea ndimu hapo hapo: njano inarudi. Sabuni ni besi, ndimu ni asidi. Dada alikuwa na kitenge chenye doa la mchuzi ambalo kila akilifua linakuwa jekundu. Siku hiyo ndipo alipojua ni kwa nini.

Javeli (dawa ya kung'arisha nguo) isichanganywe na ndimu, siki wala dawa ya choo. Inatoa klorini, nayo inachoma mapafu. Asidi ya betri mtoto asiiguse. Hiyo ni asidi ile ile inayobebwa na malori kwenda migodini, ambako inayeyusha oksidi ya shaba: CuO + H₂SO₄ → CuSO₄ + H₂O. Sisi labo tukitaka kuipunguza ukali tunamimina asidi ndani ya maji, polepole. Maji ndani ya asidi, kamwe.

Hatua ya 7: Moli

Ni neno la kuhesabia kama dazeni, ila dazeni ni 12 na moli ni 6,02 × 10²³. Moli moja ya maji ina gramu 18. Mtoto akishajua kuzidisha na kujumlisha, mpe malakiti tena: moli moja ya shaba ni gramu 63,5, mara mbili ni 127, na moli ya jiwe zima ni gramu 221. Kwa hiyo malakiti safi ina shaba kama 57 kwa 100. Ndiyo hesabu ninayolipwa kuifanya, ila mawe ya kweli si safi.

Za kujifunzia

Na + H₂O → NaOH + H₂

Fe₂O₃ + CO → Fe + CO₂

CaCO₃ → CaO + CO

Namba kubwa za mbele, kwa mpangilio: ya kwanza ni 2, 2, 2, 1. Ya pili ni 1, 3, 2, 3. Ya tatu ni ya kuchoma chokaa, na jibu lake sitoi. Wekeni saa mezani kabla ya kuanza.