Namna ya kupiga kura ya mbunge wa jimbo Kongo na kuilinda isipotee

Jamani kila uchaguzi ukifika kwetu Kongo watu wote ni rais, rais, rais. Kura ya mbunge wa jimbo, yule anayekaa bunge la mkoa wetu na sio bunge la taifa Kinshasa, mtu anaibonyeza harakaharaka kwenye mashine ya kura ili atoke aende zake, kumbe hiyo ndo inayogusa maisha yake ya kila siku. Gavana wewe humpigii kura kabisa, anachaguliwa na wabunge wa jimbo. Maseneta pia, 4 kila jimbo na 8 Kinshasa, wanachaguliwa na wabunge haohao, na bajeti ya jimbo inapita mikononi mwa wabunge hao. Ukimpeleka mtu mwenye njaa pale, kura yako ataiuza kwa anayetaka ugavana. Mwanzoni mwa 2007 kule jimbo la Bas-Congo watu waliandamana kwa sababu ya matokeo ya kuchagua gavana, zaidi ya 100 wakauawa. Na Machi 2019 tuhuma za wabunge kununuliwa kwenye kura ya maseneta zilizidi mpaka rais Tshisekedi akasimamisha kwanza maseneta wapya wasianze kazi. Sio kura ndogo hii.

Anza na kadi. Kadi ya mpiga kura ya CENI, yaani tume ya uchaguzi, ndo hiyohiyo kitambulisho chetu, unaitoa barabarani kwa askari, unaitoa ukienda kuchukua pesa, ndo maana inapotea na kuchakaa. Ipige picha, andika namba yake pembeni, na orodha za wapiga kura zikibandikwa nenda ukatafute jina lako mwenyewe, usimtume mtu. Jina lisipoonekana pigia kelele siku hiyohiyo.

Sasa kuchagua mtu. Hapa wengi tunapotea, soma polepole. Unampa kura mtu mmoja lakini kura inahesabiwa kwanza kwa orodha ya chama chake au muungano wao, halafu ndo viti vinagawanywa. Na kuna kizingiti, kwa bunge la jimbo orodha lazima ipate asilimia 3 ya kura, isipofika hapo hata mgombea wenu awe wa kwanza mtaani hapati kiti. Mnaweza kuwa na mwalimu anayependwa na kila mtu, anajua barabara ipi imekatika na zahanati ipi haina dawa, lakini amegombea kwenye kachama kasikojulikana nje ya kata yenu, kura zenu zote zinakwenda bure. Mwambieni mapema atafute muungano wenye nguvu, kabla ya kujiandikisha, sio wakati wa kampeni mabango yameshabandikwa.

Kila mgombea muulizeni pia wakati wa vita alikuwa upande gani na nani alikuwa anamlinda. Nchi ikitoka vitani watu wanavua magwanda wanavaa suti, hilo tumeliona tangu 2006. Sisemi aliyewahi kushika silaha asigombee, nasema ajibu mbele za watu. Akianza kuongelea kabila la jirani yako badala ya maji na shule, achana naye. Kitenge na sukari anavyogawa vikiisha wewe unabaki naye, na tusisahau wabunge wa majimbo waliochaguliwa tarehe 29 Oktoba 2006 walikaa mpaka uchaguzi wa Desemba 2018, muhula wa miaka 5 ukawa zaidi ya 12.

Siku yenyewe wahi asubuhi. Andika namba za wagombea wako kwenye kikaratasi, kila nafasi na namba yake, maana kwenye skrini ya mashine picha ni nyingi na ukiwa na haraka unabonyeza ndugu wa mwingine. Karatasi ikitoka isome kwanza kabla ya kuikunja na kuitia kwenye sanduku. Mama mzee asiyeweza peke yake ana haki ya kusaidiwa na mpiga kura anayemchagua yeye mwenyewe, na haruhusiwi kusaidiwa na mfanyakazi wa biro, yaani chumba cha kupigia kura, wala shahidi wa chama, hapo kuweni wakali.

Halafu msikimbilie nyumbani wote. Kura zinahesabiwa palepale kwenye biro na matokeo yanabandikwa mlangoni, piga picha hiyo karatasi ionekane namba ya biro, jumla na sahihi, kisha mtumiane mtaa kwa mtaa. Chama chenu kiweke shahidi anayejua kuhesabu na asiyeweza kununuliwa kwa soda, na asiondoke bila nakala ya PV, ile hati rasmi ya matokeo ya biro. Picha na nakala hizo ndo ushahidi mkienda mahakamani. Januari 2024, baada ya uchaguzi wa Desemba 2023, CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa sababu ya udanganyifu, wengine walikutwa na mashine za kupigia kura majumbani, na kwenye maeneo ya Masimanimba na Yakoma uchaguzi ukafutwa wote, watu wakarudia Desemba 2024. Wale wa Masisi, Rutshuru na Kwamouth wao 2023 hawakupiga kabisa kwa sababu ya vita. Inauma sana.

Mbunge wenu akishaingia chukueni namba yake ya simu. Tarehe ya kuchagua gavana ikitangazwa msikae kimya, nendeni wengi ofisini kwake, mama wa soko, vijana wa pikipiki, walimu, mtake aseme mbele yenu atampa nani na kwa sababu gani, na mtu mmoja arekodi.