Dosari Inapoonekana kwa Mtoto Aliye Tumboni: Namna ya Kuuliza, Kupima na Kuamua

Mara nyingi habari hutolewa kwenye chumba cha ultrasaundi, jeli ikiwa bado haijafutwa tumboni: mpimaji ananyamaza, anarudia kupitisha kifaa mahali pale pale, kisha anasema kuna kitu angependa daktari akitazame. Kuanzia hapo hadi uamuzi wowote ufanyike kuna hatua za kufuata, na hofu ndiyo inayowafanya wengi waziruke. Ya kwanza ni kujua kama ulichoambiwa ni jambo lililoonekana au ni shaka tu. Kabla hujatoka chumbani, uliza ni kiungo gani, kimeonekana vipi, na kama kuna sehemu ambayo haikuonekana vizuri kwa sababu ya mkao wa mtoto, kisha omba ripoti iliyoandikwa.

Hatua ya pili ni kuhakikisha umri wa mimba. Mtoto anayeonekana mdogo kuliko inavyotarajiwa huenda ana tatizo la kukua, na huenda pia tarehe ya hedhi ya mwisho ilikumbukwa vibaya. Ultrasaundi iliyofanywa ndani ya miezi mitatu ya kwanza ndiyo inayokata mzizi wa fitina, kwa kuwa wakati huo watoto wote hukua kwa kasi inayokaribiana sana, ilhali baadaye kila mmoja huwa ameshika mwendo wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza mahudhurio ya kliniki yasiyopungua 8, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12, pamoja na ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Uchunguzi wa kina wa viungo hufanyika vizuri zaidi kati ya wiki 18 na 22.

Linalowachanganya watu kuliko yote ni tofauti kati ya kipimo cha uchujaji, kinachokadiria tu hatari, na kipimo cha uthibitisho, kinachosema kama tatizo lipo au halipo. Chukulia tatizo la kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya chembe za mwili) linalompata mtoto 1 kati ya 1,000, na kipimo cha uchujaji kinachowagundua watoto 99 kati ya kila 100 walio nalo, lakini kinachomtaja kimakosa mtoto 1 kati ya kila 100 wasio nalo. Wakipimwa wajawazito 10,000, watoto 10 hivi watakuwa na tatizo na karibu wote watagunduliwa. Ila kati ya wale 9,990 waliosalia, takriban 100 nao watapewa majibu ya kutisha. Kwa hiyo, katika wanawake 110 walioambiwa kwamba kipimo kimeonyesha hatari, 100 hivi wamebeba watoto wasio na tatizo hilo. Hesabu hubadilika kulingana na umri wa mama na historia ya familia, na ndiyo maana swali linalofaa ni hili: "Kwa umri wangu na historia yangu, majibu haya yana uwezekano gani wa kuwa kweli?" Kipimo cha vinasaba katika damu ya mama, kinachoweza kufanywa kuanzia wiki ya 10, hukosea mara chache zaidi kuliko mfano huu kinapotafuta sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada), lakini nacho ni uchujaji tu: vinasaba vinavyosomwa hutoka kwenye kondo la nyuma, na kondo na mtoto havifanani kila mara.

Uthibitisho hupatikana kwa kuchukua chembe za kondo, kwa kawaida kati ya wiki 11 na 14, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Vyote viwili hutumia sindano au mrija mwembamba, na katika mikono yenye uzoefu uwezekano wa mimba kuharibika kwa sababu yake ni chini ya asilimia 1. Mama mwenye damu ya kundi la rhesus hasi, ambayo huweza kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, akumbushe jambo hilo mapema, kwa kuwa huenda akahitaji sindano ya kinga ndani ya saa 72. Kukataa kipimo pia ni haki yake. Wapo wanaotaka kujua ili wajiandae, na wapo wanaoona kwamba majibu hayatabadilisha lolote. Sioni sababu ya mhudumu kuwabembeleza hawa wa pili.

Tatizo likithibitishwa, uliza linamfanya mtoto aishi vipi, lina matibabu gani, na yatolewe wapi na lini. Dosari nyingi za moyo hazihitaji kuguswa kabla ya kuzaliwa, ila huenda zikalazimu mahali pa kujifungulia pabadilishwe. Kwa mgongo wazi, yaani uti wa mgongo usiofunga vizuri, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba upasuaji ndani ya mfuko wa uzazi, kabla ya wiki ya 26, hupunguza haja ya kuwekewa mrija wa kutoa maji kichwani. Lakini upasuaji huo uliongeza pia kuzaa kabla ya wakati na kovu lenye hatari katika mfuko wa uzazi. Hapo ndipo maadili ya tiba yanapobana, kwa sababu hakuna njia ya kumfikia mtoto isiyopita katika mwili wa mama. Faida ya mmoja haiwezi kuhesabiwa kana kwamba mwingine hayupo, na ridhaa itakayokubalika ni ya mama mwenyewe, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa na kupewa muda wa kufikiri.

Mume, wazazi na mawifi wanaweza kusikilizwa iwapo mama ametaka, lakini hawatii sahihi kwa niaba yake akiwa na akili timamu, wala hawapewi majibu yake bila idhini. Sheria za kusitisha mimba hutofautiana mno kati ya nchi na nchi. Daktari anapaswa kueleza zinazohusika mahali alipo, na kama dhamiri yake inamzuia kutoa huduma fulani halali, aseme hivyo mapema na kumwelekeza mgonjwa kwingine. Familia inayochagua kuendelea na mimba ya mtoto asiyetarajiwa kuishi muda mrefu ina haki ya kupangiwa tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na kumfariji mtoto, kabla ya siku ya kujifungua.

Katika kusubiri huku, dalili za hatari kwa mama zisisahauliwe: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, mtoto kupunguza kucheza, au shinikizo la damu kufikia 140/90. Dalili hizi hazingoji tarehe ya kliniki.

Mimba ikiisha kwa namna yoyote ile, omba maelezo ya sababu kwa maandishi, kwa kuwa yataongoza mimba ijayo. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, kwa mfano, huandikiwa asidi ya foliki miligramu 4 au 5 kwa siku badala ya 0.4 ya kawaida, na huanza kuimeza kabla ya kushika mimba, kwa kuwa mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambao wengi hawajajua kuwa ni wajawazito.