Usiku wa kutazama nyota kwa jamii: jinsi ya kuuandaa ili kila mgeni aone

Mgeni aliyepanga foleni nusu saa, akainama kwenye lenzi ya darubini na kuambulia giza tupu, hatarudi tena. Karibu maandalizi yote, kuanzia tarehe hadi kigoda cha watoto, yanalenga kuzuia hilo.

Tarehe

Anza na kalenda ya mwezi. Wanaokuja mara ya kwanza hutaka sana kuuona mwezi, nao hupendeza zaidi ukiwa karibu nusu, yaani siku ya 6 hadi ya 9 tangu kuandama. Siku hizo jua huupiga kwa ubavu, na kingo za kasoko, yale mashimo ya mviringo, hutupa vivuli virefu pale mwanga unapokutana na giza. Tena jua linapozama huwa tayari uko juu, na hautui hadi karibu saa sita usiku. Mwezi mpevu uepuke kabisa: vivuli hakuna, uso wote ni bapa kama sahani, na mwanga wake hufuta nyota hafifu. Kwa Njia Nyeupe (ukanda wa nyota unaovuka anga) na nebula (mawingu ya gesi na vumbi kati ya nyota) chagua usiku usio na mwezi, mradi uwanja uko mbali na taa za mji. Mjini, usiku kama huo hukuacha na vitu vichache mno vya kuonyesha.

Katika tangazo weka tarehe ya akiba na saa ya uamuzi, tuseme saa tisa alasiri. Mawingu yakitanda ahirisha saa hiyohiyo, usingoje watu wafike.

Uwanja

Ukague usiku, saa ileile mtakayokutana, maana mchana huwezi kujua taa ipi hujiwasha yenyewe. Mtafute anayeshika swichi za taa za ulinzi, mkubaliane zizimwe lini na nani atakuwepo kuziwasha. Miti mirefu upande wa magharibi itakula mwezi mapema. Darubini ziwekwe kwenye nyasi: lami na zege hutoa joto zililolihifadhi mchana, na hewa ya moto inayopanda hufanya picha icheze. Magari yaegeshwe mbali na yasielekezwe uwanjani. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na taa moja ya gari huyarudisha macho ya wote mwanzo.

Njia ya kuingilia na mlango wa choo viwe na taa nyekundu za chini. Tochi ya kawaida iliyofungwa tabaka mbili tatu za plastiki nyekundu inatosha.

Darubini, na hesabu ya foleni

Kila mgeni mhesabie dakika moja na nusu, pamoja na kuinama, kurekebisha na maswali. Darubini moja basi huhudumia watu 40 kwa saa. Darubini tatu kwa saa mbili hutoa nafasi 240, kwa hiyo wageni 120 wataona vitu viwili kila mmoja. Wakizidi hapo, ongeza darubini hata kama ni ndogo. Mbili zenye kioo cha upana wa milimita 130 zinafaa kuliko moja ya milimita 250 yenye foleni hadi getini.

Kila darubini ibaki na kitu kimoja usiku mzima, na jina lake liandikwe kwenye kibao. Anayekimbiza vitu vipya kila baada ya wageni watano hupoteza muda wote akitafuta. Tuseme kioo ni cha milimita 200 na urefu wa fokasi (umbali ambao kioo hukusanyia mwanga) ni milimita 1,200: lenzi ya jicho ya milimita 25 hukuza mara 48, na mwezi wote unaenea, ya milimita 10 hukuza mara 120, na pete za sayari ya Zohali zinasimama wazi. Usiongeze zaidi kwa tamaa. Dunia inazunguka, na kwenye ukuzaji wa mara 120 sayari huvuka duara la kuonea kwa takriban dakika mbili, kwa hiyo darubini isiyojiendesha ilengwe upya baada ya kila mgeni. Kwenye mara 48 una kama dakika nne.

Toa darubini nje saa moja kabla. Kioo kikiwa na joto kuliko hewa, picha huchemka, na watu hudhani chombo ni kibovu. Darubini ndogo ya kulengea isawazishwe mchana kwa mnara ulio mbali, upande usio na jua, kisha vifuniko virudishwe hadi jua lizame. Asielekeze mtu yeyote darubini kwenye jua. Jicho huungua papo hapo.

Pale kwenye lenzi

Usiulize "Umeona?" Wengi hujibu ndiyo kwa adabu. Uliza "Umeona nini?" au "Vinukta vilivyo kando ya Mshtarii ni vingapi?" (ndiyo miezi ya sayari hiyo). Asiyeona atajulikana hapohapo. Kwa mwezi kuna njia rahisi zaidi: tazama uso wake. Doa la mwanga likiwa kwenye shavu au kope, jicho halijafika mahali pake. Mwelekeze taratibu hadi litue kwenye mboni. Mwonyeshe pia kitufe cha fokasi akizungushe kidogo mwenyewe, hasa aliyevua miwani.

Watoto hushika chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni lenzi. Wape kigoda imara chenye kishikio, mikono ikae hapo. Maelezo yasizidi sentensi mbili: mwanga wa Zohali umesafiri zaidi ya saa moja, wa kundi la nyota la Kilimia zaidi ya miaka 400. Picha za simu ziachwe hadi foleni iishe.

Walio kwenye foleni wapate mtu wa kuwaonyesha makundinyota kwa macho matupu. Leza ya kijani husaidia pale sheria inaporuhusu, lakini ishikwe na mtu mzima mmoja tu, na izimwe ndege ikionekana. Kama Kituo cha Kimataifa cha Anga kitapita, simamisha foleni dakika hizo, watu wote wakitazame pamoja.

Umande ukishika lenzi usiufute kwa shati, utaikwaruza. Ipulizie hewa vuguvugu, au badilisha lenzi na hiyo iwekwe mfukoni ipate joto.

Wageni wakishaondoka, washa taa nyeupe, hesabu lenzi na vifuniko kabla ya kukunja chochote. Nyumbani acha kila kilicholowa wazi hadi kikauke: lenzi iliyofunikwa ikiwa bado na unyevu huota kuvu.