Somo: Kumfuatilia mbunge wako kwa simu

Ukiandika jina la mbunge wako kwenye Google, utaletewa picha za harambee na matanga. Alichosema Nairobi kuhusu kodi yako hakionekani. Fuata njia hii.

Kwanza hakikisha eneo bunge lako. Usicheke: Nyalenda A iko Kisumu Mashariki, Nyalenda B iko Kisumu ya Kati.

Kisha fungua parliament.go.ke, uchague Bunge la Taifa au Seneti. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneo bunge, Wawakilishi wa Wanawake 47 na wateule 12, pamoja na Spika. Kwenye ukurasa wa mbunge, wasifu upitie haraka. Cha maana ni kamati anazokaa.

Sasa Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, ndiyo kiini cha somo. Bunge la Taifa hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Pakua Hansadi ya siku unayoitaka, lakini usijitese kuisoma yote. Bonyeza alama ya kutafuta ndani ya faili, uandike jina la eneo bunge kwa Kiingereza, mfano "Kisumu Central", kwa kuwa jina la msemaji hufuatwa na eneo lake na chama kwenye mabano. Aliyechangia kwa Kiswahili utamsoma kwa Kiswahili. Kama bando ni haba, mzalendo.com huwapanga wabunge mmoja mmoja pamoja na michango yao.

MASWALI YA WANACHAMA

Kondele: Mwalimu, nimepekua Hansadi za mwezi mzima, jina lake halipo. Hakwenda kabisa?

Jibu: Usimhukumu bado, ndugu. Hansadi hunasa waliosema, si waliokaa kimya. Tafuta ripoti za kamati yake. Nyingi huambatanishwa na kumbukumbu za vikao zenye majina ya waliohudhuria. Akikosekana na huko, basi una swali la kumuuliza akija mazishini.

Ahero: Mimi nataka kujua alivyopiga kura tu.

Jibu: Hapo pana ugumu, dada. Kura nyingi ni za sauti: Spika husikiliza "ndio" na "la", akaamua. Majina huandikwa wabunge wanapohesabiwa mmoja mmoja, kama tarehe 20 Juni 2024 Mswada wa Fedha uliposomwa mara ya pili: 204 waliunga mkono, 115 wakapinga. Anza na siku hiyo.

Manyatta: Na taka za soko letu nimuulize nani?

Jibu: Mama, hilo ni la kaunti. Mtafute mwakilishi wadi wako kwenye tovuti ya Bunge la Kaunti ya Kisumu.

Mumias: Mwakilishi wetu wa Wanawake simwoni kwenye orodha ya Seneti.

Jibu: Hayuko huko. Rudi Bunge la Taifa, utafute Kakamega.