Kukokotoa Vipeo kwa Kikokotoo

Kikokotoo kidogo cha dukani, chenye vitufe vya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu, hakina kitufe cha kipeo, lakini jibu hupatikana. Ukitaka 2 kwa kipeo cha 5, bonyeza 2, kisha alama ya kuzidisha, kisha alama ya sawasawa mara nne, nawe utaona 4, 8, 16 na 32 zikifuatana. Sawasawa hubonyezwa mara moja pungufu ya kipeo, kwa kuwa bonyezo la kwanza huwa limekwisha kuzidisha 2 kwa 2. Baadhi ya vikokotoo vya Casio hutaka alama ya kuzidisha ibonyezwe mara mbili, na herufi K hutokea kwenye kioo.

Kwenye kikokotoo cha sayansi kazi ni nyepesi: andika kizio, yaani namba inayozidishwa kwa yenyewe, bonyeza kitufe cha kipeo, ambacho huandikwa xʸ, ^ au x yenye kisanduku kidogo begani, kisha andika kipeo na umalizie kwa sawasawa. Kipeo cha pili kina kitufe chake, x². Tatizo huanza pale kikokotoo kinapoonyesha kipeo kikiwa juu kama daftarini, kwa sababu kishale, yaani alama ya mahali unapoandika, hubaki huko juu mpaka ukishushe kwa kitufe cha mshale wa kulia. Anayetafuta 2³ + 1 akasahau kukishusha atakuwa ameandika 2 kwa kipeo cha 3 + 1, apate 16 badala ya 9.

Kitufe cha EXP, au ×10ˣ, si cha kipeo cha namba yoyote uitakayo, ingawa jina lake linashawishi. Ukibonyeza 5 EXP 3 utapata 5,000, yaani 5 × 10³, si 125.

Mabano nayo yasipuuzwe. Kikokotoo cha sayansi hutoa −9 kwa −3², kwa kuwa hukokotoa kipeo kwanza, ndipo kiweke hasi. Anayetaka 9 aandike (−3)². Vivyo hivyo, kwa vikokotoo vinavyotumia ^, 8^(1÷3) ni 2, ilhali 8^1÷3 ni 2.666 na kuendelea.

Mahali ambapo vipeo hunifaa zaidi ni kwenye riba inayoongezwa kwenye mtaji kila mwaka. Shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa miaka 5 hupigwa hivi: 1.1 kwa kipeo cha 5, zidisha kwa 1,000,000, na jibu ni 1,610,510. Anayejumlisha 100,000 mara tano huishia 1,500,000, akiacha 110,510 bila kuhesabiwa.

Jibu likizidi upana wa kioo, kikokotoo hulifupisha: 2 kwa kipeo cha 100 huonekana kama 1.2676506×10³⁰, yaani nukta isogezwe kulia mara 30. Ukijaribu 10 kwa kipeo cha 100, vikokotoo vingi vya sayansi vitaonyesha Math ERROR, kwani kikomo chao kiko chini kidogo ya hapo. Bonyeza AC, kitufe cha kufuta, uendelee.