Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuzuia Matangazo ya Mtandaoni Nyumbani kwa Njia ya DNS

Kila kifaa kinapotaka kufungua ukurasa, kwanza huiuliza seva ya DNS jina la kikoa fulani, yaani jina la tovuti au huduma ya mtandaoni, lina anwani gani ya IP, na ndipo huanza kuwasiliana na anwani hiyo. Utaratibu huu, ambao Paul Mockapetris aliubuni mwaka 1983, ndio unaotumika kuzuia matangazo ya nyumba nzima kwa pamoja: ndani ya nyumba huwekwa seva ndogo inayopokea maulizo ya vifaa vyote, inayalinganisha na orodha ya vikoa vya matangazo na ufuatiliaji, na likitokea jina lililomo hulijibu kwa anwani isiyofika popote, mara nyingi 0.0.0.0. Tangazo halipakuliwi kabisa, hata kwenye runinga janja ambayo haina nafasi ya kusakinisha kizuizi chochote. Hata hivyo, anayeweka seva hiyo amejitwika kazi iliyokuwa ikifanywa na mtoa huduma wa intaneti, na siku itakapozimika, kila mtu nyumbani ataona kwamba intaneti imekatika. Kwa maoni yangu, maandalizi yote yaanzie hapo, wala si kwenye wingi wa matangazo yatakayozuiwa.

Ni vyema kwanza kupima matarajio. Seva ya DNS huona jina la kikoa tu. Haioni ukurasa wenyewe wala sehemu zake. Matangazo ya YouTube, kwa mfano, hutoka kwenye vikoa vilevile vinavyoleta video, kwa hiyo ukivizuia umezuia na video. Hali ni hiyohiyo kwa machapisho ya kulipiwa ndani ya mitandao ya kijamii. Kwenye kurasa nyingine tangazo litaondoka lakini nafasi yake itabaki tupu. Anayetaka usafi kamili kwenye kompyuta bado atahitaji kizuizi cha ndani ya kivinjari, kama uBlock Origin, na hakuna ubaya kutumia vyote viwili.

Sehemu inayohitaji uchunguzi wa kina kuliko zote ni ruta, na inafaa ichunguzwe kabla ya kununua au kusakinisha chochote. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio yake uone kama inakuruhusu kubadilisha anwani ya DNS ambayo DHCP, huduma inayovipa anwani vifaa vinavyojiunga na mtandao, hugawia vifaa vya ndani, kwa kuwa baadhi ya ruta zinazotolewa na watoa huduma hufunga sehemu hiyo. Ikiwa imefungwa, unaweza kuzima DHCP ya ruta na kuiachia seva yako kazi hiyo, kwani Pi-hole na AdGuard Home, programu za kuendeshea seva ya namna hii, zote zina uwezo huo. Ila hakikisha DHCP moja tu ndiyo inayofanya kazi, maana zikiwa mbili vifaa vitapata majibu yanayogongana. Ruta nyingi huwa na sehemu mbili za kuandika DNS, moja ya upande wa intaneti na nyingine ya mtandao wa ndani. Ukibadilisha ile ya nje, matangazo yatazuiwa, lakini maulizo yote yataonekana yametoka kwa ruta, nawe hutaweza kujua ni kifaa gani kinachouliza nini wala kukiwekea kimoja kanuni tofauti. Iliyo bora ni ya ndani.

Karibu kila ruta ina nafasi ya DNS ya pili, na wengi huijaza 8.8.8.8 ya Google kwa nia ya kujiwekea akiba. Vifaa vingi haviichukulii nafasi hiyo kuwa akiba. Vinaweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili wakati wowote, na matangazo yataendelea kupenya bila mpangilio unaoeleweka. Iache wazi, au weka hapo seva yako ya pili yenye orodha zilezile. Kagua pia kama mtandao wako unatumia IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani za IP, kwa kuwa ruta inaweza kuwa inavitangazia vifaa anwani ya DNS ya IPv6 ambayo hukuigusa, na vikaitumia hiyo huku wewe ukidhani umemaliza kazi.

Kifaa chenyewe si lazima kiwe na nguvu. Pi-hole hutosheka na kumbukumbu ya MB 512, kwa hiyo Raspberry Pi ya zamani au kompyuta iliyostaafu itafaa, ilimradi iwe inawaka muda wote, iunganishwe kwa kebo badala ya waifai, na itengewe anwani ya IP isiyobadilika. Kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi huchakaa kwa kuandikwa mfululizo, kwa hiyo punguza muda wa kuhifadhi rekodi za maulizo au tumia diski ya SSD. Umeme ukikatika linazuka jambo ambalo wachache hulifikiria: Raspberry Pi nyingi hazina saa inayoendelea kutembea zikiwa zimezimwa, na ukiwa umewasha uhakiki wa DNSSEC, unaothibitisha kwa saini za kidijitali kwamba majibu ya DNS hayajaghushiwa, saa isiyo sahihi hufanya majibu halali yakataliwe, wakati seva inahitaji majibu hayohayo ili iipate seva ya kurekebisha saa. Dawa yake ni kuandika angalau seva moja ya saa kwa namba ya IP badala ya jina.

Baada ya hapo chagua ni nani atakayejibu maulizo ambayo hayakuzuiwa. Kati ya huduma za DNS za nje, Cloudflare hutumia 1.1.1.1, na Quad9 hutumia 9.9.9.9 na huzuia pia vikoa vinavyojulikana kueneza programu hasidi. Asiyetaka kampuni moja ione maulizo yake yote anaweza kusakinisha programu ya Unbound, inayouliza moja kwa moja kuanzia seva za mizizi ya DNS, yaani zile za juu kabisa katika mfumo huo.

Usisahau kwamba vifaa vinaweza kuipita seva yako. Vivinjari vya siku hizi vinaweza kutuma maulizo ya DNS yaliyosimbwa kupitia poti (mlango wa mawasiliano) 443, ambayo ni ileile ya tovuti za kawaida; simu za Android, kuanzia toleo la 9 la mwaka 2018, zina sehemu ambayo ikijazwa jina la seva ya nje huiacha seva ya nyumbani kando; VPN, yaani muunganisho uliosimbwa unaopitisha mawasiliano kupitia seva nyingine, nayo ina njia yake. Pi-hole huiashiria Firefox isiwashe DNS iliyosimbwa kwa hiari yake yenyewe, lakini mtumiaji aliyeiwasha kwa mkono hazuiwi na ishara hiyo. Orodhesha vifaa vya nyumbani na uangalie mipangilio hii kimoja baada ya kingine.

Kuhusu orodha za kuzuia, anza na moja iliyo ya wastani. Mwenye orodha ya mamilioni ya vikoa hujivunia idadi, kisha hushinda akitafuta kwa nini viungo vilivyomo kwenye barua pepe havifunguki, kwa kuwa vingi hupitia kwanza vikoa vya ufuatiliaji. Waeleze watu wa nyumbani mapema kinachokuja, na waonyeshe namna ya kusimamisha uzuiaji kwa dakika chache. Waambie pia kwamba seva huandika kila jina linaloulizwa na kila kifaa; si haki mtu mmoja asome nyendo za wenzake mtandaoni bila wao kujua, na programu hizi zina kiwango cha faragha kinachoweza kuficha majina hayo.

Kamwe usiifungulie intaneti poti 53 ya seva yako, inayopokea maulizo ya DNS, ili uitumie ukiwa safarini, kwani seva iliyo wazi hutumiwa na wahalifu kuelekeza mafuriko ya data kwa watu wengine. Njia salama ni kurudi nyumbani kwa VPN, kwa mfano WireGuard.

Hatimaye, jaribu kwa kifaa kimoja kwanza: kiandikie anwani ya seva mpya kwa mkono, thibitisha kwa amri ya nslookup kwamba kikoa cha matangazo kinajibiwa 0.0.0.0, kisha kitumie siku kadhaa kwa shughuli zake za kawaida kabla ya kugusa ruta. Utakapoigusa, usishangae vifaa vingine vikiendelea na DNS ya zamani. Vitabadilika vitakapohuisha anwani zao au vikizimwa na kuwashwa. Mipangilio ya awali ya ruta, pamoja na anwani yake ya IP na hatua za kuirudisha ilivyokuwa, iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe karibu nayo, kwa sababu DNS ikiwa imelala hakuna atakayeweza kutafuta msaada mtandaoni, na huenda wakati huo wewe haupo nyumbani.