Mwenzenu akiiba kwenye mchezo wa dadu: namna ya kulimaliza bila ya kuvunja baraza

Barazani kwetu Kikwajuni, kila Ijumaa baada ya Isha, tunacheza mchezo wa kuigiza wahusika, wa jamii ya Dungeons & Dragons iliyotoka Marekani mwaka 1974. Mwendeshaji anasimulia, kila mchezaji ana mhusika wake, na penye mashaka inaamua dadu ya pande 20: namba kubwa, jambo limefanikiwa; ndogo, limeshindikana. Pesa haziwekwi. Naliweka wazi hilo kwa sababu wazazi huuliza, na wana haki ya kuuliza.

Kwenye bao kuiba ni kazi. Kete zote 64 watu wanaziona, na ukidondosha mbili shimo moja, mzee aliyekaa pembeni ataguna. Huku kwetu nusu ya mchezo imo kwenye karatasi ya mtu, anamoandika namba za mhusika wake, na nusu imo kiganjani mwake. Mwanya ni mkubwa, na baraza lililokaa pamoja miaka linaweza kuvunjika kwa usiku mmoja. Mimi hufanya hivi.

1. Hakikisha kwanza

Mgeni wa mchezo hukosea kujumlisha, na kukosea si kuiba. Kaa na daftari, andika namba zake kimya kimya kwa Ijumaa mbili tatu. Wastani wa dadu ya pande 20 ni 10.5. Kupata 15 au zaidi ni asilimia 30. Kupata hivyo mara tano mfululizo hutokea kama mara moja katika 400. Basi usiku mmoja wa bahati usikushughulishe. Lakini mtu akirusha mara 60 na wastani wake ukabaki 15, hiyo tena si bahati.

2. Pima dadu yenyewe

Dadu za plastiki za bei rahisi huwa na viputo vya hewa ndani. Tia maji ya uvuguvugu kwenye gilasi, koroga chumvi mpaka dadu ielee, kisha izungushe kwa kidole mara kumi au zaidi. Ikirudi kila mara na uso uleule juu, haiko sawa. Mwenyewe huenda hana habari, kwa hiyo usimtazame vibaya. Iweke kando tu. Dadu za chuma hazielei, usipoteze chumvi yako.

3. Badilisha meza kabla hujamgusa mtu

Hii ndiyo hatua iliyotuokoa. Tuliweka sinia katikati ya mkeka, tukalitandikia kipande cha kanga kukuu ili dadu zisipige kelele na kuamsha watoto wa jirani. Dadu zote hurushwa humo. Ikitoka nje ya sinia haihesabiwi. Anayeisoma kwa sauti ni aliyekaa kulia kwa mrushaji, na haiguswi mpaka isomwe. Sheria ni ya wote, haikutajwa jina la mtu, wala haina haja.

Na mimi mwendeshaji narusha humohumo. Zamani nilikuwa nikirusha nyuma ya kawa, nikijiambia nailinda hadithi. Najua waendeshaji wazuri wanaofanya hivyo mpaka leo, lakini siwezi kumwambia mwenzangu afungue kiganja huku changu nimekifunga.

Karatasi za wahusika hubaki kwenye faili langu. Sifa za mhusika, yaani namba sita za nguvu, akili na kadhalika, pia haturushi tena nyumbani. Kijana mmoja alituletea mhusika mwenye 18 tatu, na 18 ndiyo ya juu kabisa; kila sifa ikirushiwa dadu nne za pande sita, ukatoa ndogo kabisa na kujumlisha tatu zilizobaki, jambo hilo katika sifa sita halifiki mara moja katika 10,000. Sasa kila mtu anapewa namba zilezile: 15, 14, 13, 12, 10 na 8, azipange apendavyo.

4. Zungumza naye peke yenu

Kama bado anaiba, msubiri watu watawanyike. Usimseme mbele ya wenzake hata kidogo. Mtu aliyeaibishwa barazani harudi, na nduguze hawarudi. Yule kijana wa 18 tatu nilimsindikiza mpaka kwao. Nikamwambia, "Mdogo wangu, namba zako nimeziona. Sikuja kukugombeza, nataka kujua tu."

Akanyamaza mpaka tulipofika njia panda. Kisha akasema, "Kaka, mara ya kwanza mhusika wangu alikufa siku ya pili, na nyote mlicheka."

Ni kweli, tulicheka. Na mimi nilicheka. Nilimtaka radhi palepale. Ijumaa iliyofuata nikaeleza kwamba kushindwa kwa dadu kutafungua njia nyingine ya hadithi: mlango usipofunguka, mlinzi anasikia, na mazungumzo na mlinzi yanaanza. Atakayepata chini ya 5 kwenye dadu apewe jambo la kufanya. Tangu hapo hatukusikia tena habari ya namba zake.

5. Akiendelea

Mpe Ijumaa mbili. Akirudia, mwambie kwa upole, nyumbani kwake, kwamba apumzike mpaka hadithi hii iishe. Mhusika wake mpe safari ya mbali, usimuue. Akipita njiani, kahawa anywe na nyinyi kama kawaida. Na dadu mlizoziweka kando, mrejeshee, ni mali yake.